Hati, Ofisi na Lugha: Kuitafuta Kumbukumbu ya Umma katika Mwambao wa Kenya



Mada ya mhadhara huu ni nyaraka za serikali. Yamkini wapo watakaouliza: wapi zinapokutana na taaluma ya Kiswahili? Jibu langu ni kwamba katika Mwambao wa Kenya, suala la nani amiliki ardhi limekuwa daima pia suala la nani aweza kuisoma hati.

Baada ya mkataba wa mwaka 1895 baina ya Sultani wa Zanzibar na Uingereza, ukanda wa maili kumi uliwekwa chini ya utawala wa Kiingereza, huku mamlaka ya Sultani yakitambuliwa kwa jina. Mwaka 1908 ilipitishwa Sheria ya Hatimiliki za Ardhi. Kila mwenye madai alitakiwa ayawasilishe kwa msajili na kuyathibitisha; ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa mali ya Ufalme. Waliokuwa na hati za kadhi, zilizoandikwa kwa Kiarabu, walikuwa na cha kuonyesha. Wengi wa Wamijikenda na wa kizazi cha watumwa walioachwa huru, ambao haki yao ilitokana na kulima na kukaa, hawakuwa na karatasi. Wajukuu wao ndio walioitwa maskwota katika ardhi waliyozaliwa.

Hata mwenye hati hakusalimika na tafsiri. Hati ya kale hutaja mipaka minne: upande wa kibla shamba la fulani, upande wa pili njia, na kadhalika. Aidha, katika desturi ya Mwambao mtu aweza kumiliki minazi iliyosimama juu ya ardhi ya mwingine. Neno “shamba”, basi, laweza kukusudia miti, au udongo, au vyote viwili. Karani aliyelifasiri kwa neno moja la Kiingereza aliifuta tofauti ambayo ndiyo iliyokuwa kiini cha shauri.

Mtafiti wa leo atazipata wapi kumbukumbu hizi? Ripoti za wilaya na majimbo za enzi ya ukoloni zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1965. Mashauri ya mirathi yatafutwe katika mahakama za kadhi, zilizo chini ya Idara ya Mahakama. Tangu serikali 47 za kaunti zianze kazi mwaka 2013, wengi hudhani kwamba kila daftari limehamia kaunti. Sivyo. Usajili wa hatimiliki, wa vizazi na wa vifo umebaki kwa serikali ya kitaifa. Kaunti hushughulikia mipango ya maeneo, kodi za ardhi na leseni za biashara. Asiyeijua tofauti hii hupoteza siku nyingi katika foleni isiyo yake.

Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya mwaka 2016 ikaongeza kwamba ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika asaidiwe na afisa kuliandika. Jibu latakiwa ndani ya siku 21; anayenyimwa aweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Hata hivyo, haki ya kuomba kwa Kiswahili haina uzito ikiwa waraka unaotolewa hausomeki kwa aliyeuomba. Hapo ndipo wajibu wetu ulipo. Tunahitaji wasomi wanaoweza kusoma hati za Kiarabu na maandishi ya Kiswahili kwa herufi hizo, na kamusi ya istilahi za ardhi inayotenganisha mti na udongo. Nawasihi wanafunzi waingie katika ofisi hizo. Karatasi iliyowanyima watu mahali pao mwaka 1908 ikisomwa vema, huenda ikawa shahidi wao.