Jamii zenye asili ya uhamiaji nchini Bhutan na Ufaransa

Walhotshampa wa Bhutan na Wafaransa wenye asili ya Afrika Kaskazini ni vizazi vya watu walioitwa kufanya kazi ambazo wenyeji hawakuzitaka au hawakutosha kuzifanya. Wa kwanza walifyeka misitu ya chini ya Himalaya tangu nusu ya pili ya karne ya 19. Wa pili waliingia migodini na viwandani mwa Ufaransa, wengi wao baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Hali zao za leo hazifanani. Walhotshampa walikuwa wakulima wenye mashamba yao, na wengi wakaja kupoteza uraia na mashamba kwa mpigo mmoja. Wajukuu wa Waalgeria, Wamoroko na Watunisia ni raia wa Ufaransa, ila wamebaki nyuma katika ajira, mishahara na makazi. Anayelinganisha vipato peke yake ataikosa tofauti iliyo kubwa kuliko zote: Bhutan sheria ya uraia ndiyo iliyouangusha uchumi wa jamii, na Ufaransa sheria ya uraia imekuwa kinga isiyotosha.

Wakulima wa kusini mwa Bhutan

Walhotshampa, yaani watu wa kusini, ni Wabhutan wasemao Kinepali, na wengi wao ni Wahindu katika nchi inayotawaliwa kwa misingi ya Kibuddha. Ukanda wa chini unaopakana na India ulikuwa na joto, msitu mzito na malaria, na watu wa mabonde ya juu hawakupenda kuhamia huko. Familia ya Dorji, iliyosimamia sehemu hiyo kwa niaba ya watawala, iliwapa wahamiaji ardhi kupitia wakandarasi ambao pia walikusanya kodi. Ndivyo zilivyokua jamii za wakulima katika wilaya zinazoitwa leo Samtse, Tsirang, Sarpang na Dagana. Walilima mpunga na mahindi kwa chakula, na machungwa, iliki, tangawizi na popoo kwa biashara. Watu wa kaskazini waliendelea kwa muda mrefu kulipa kodi kwa mazao na kwa nguvu kazi, lakini kusini kodi ililipwa kwa fedha taslimu, na mlipaji alipewa risiti. Risiti hizo zilikuja kuwa na uzito ambao hakuna mkulima aliyeutarajia.

Sheria ya uraia ya mwaka 1958 iliwatambua waliokuwa wameishi nchini angalau miaka 10 na kumiliki ardhi ya kilimo. Kwa miaka ishirini na ushei iliyofuata Walhotshampa walipata shule, vyeo serikalini, ualimu na biashara, hasa katika mji wa mpakani wa Phuntsholing. Serikali iliwahi hata kutoa ruzuku kwa ndoa kati ya watu wa kusini na wa kaskazini. Kwa vipimo vya nchi maskini ya milimani, hawakuwa jamii iliyoachwa nyuma.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1980. Sheria mpya ya mwaka 1985 ilidai wazazi wote wawili wawe Wabhutan, au mtu athibitishe kwamba alikuwa mkazi wa kudumu kufikia tarehe 31 Desemba 1958. Sensa iliyoanza mwaka 1988 ikafanywa kusini, na maofisa wakadai risiti ya kodi au hati ya ardhi ya mwaka huohuo wa 1958. Wakimbizi wengi walieleza baadaye kwamba hati za mwaka wa kabla yake au wa baada yake zilikataliwa. Wahesabiwa waligawanywa katika makundi saba, kuanzia F1, Mbhutan halisi, hadi F7, asiye raia. Nyumba moja ingeweza kuwa na baba wa F1, mama wa F4 kwa kuwa alitoka nje ya nchi, na mjomba wa F7, wote wakiwa wanalima shamba lilelile. Mwaka 1989 watu wote walitakiwa kuvaa vazi la kitaifa, gho kwa wanaume na kira kwa wanawake, na Kinepali kikaondolewa shuleni. Tek Nath Rizal, mjumbe wa baraza la ushauri la mfalme aliyepeleka malalamiko ya watu wa kusini, alifungwa hadi mwaka 1999.

Maandamano ya Septemba 1990 yalijibiwa kwa kukamatwa kwa watu, kufungwa kwa shule za kusini na kufukuzwa kwa familia nyingi. Wengi walitia saini fomu za kuhama kwa hiari zilizoandikwa kwa Kidzongkha, lugha ambayo baadhi yao hawakuweza kuisoma. Bhutan na Nepal hazipakani, kwa hiyo walivuka kwanza kuingia India, kisha wakasafirishwa hadi mashariki mwa Nepal, katika wilaya za Jhapa na Morang. Kambi saba zilijengwa huko, zikiwemo Beldangi, Khudunabari na Sanischare. Mwaka 2007 zilikuwa na watu wapatao 107,000, idadi kubwa mno kwa nchi ambayo sensa yake ya mwaka 2005 ilihesabu watu 634,982.

Kambi hizo zilimfanya mkulima kuwa mpokea mgao. Nyumba zilikuwa za mianzi na nyasi, chakula kilitoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na sheria za Nepal hazikuwaruhusu wakimbizi kufanya kazi wala kumiliki ardhi. Shule, hata hivyo, zilifanya vizuri: watoto walifundishwa kwa Kiingereza na Kinepali, na kizazi kilichozaliwa kambini kilisoma kuliko wazazi wake. Mazungumzo ya Nepal na Bhutan hayakumrudisha mkimbizi hata mmoja. Uhakiki wa pamoja uliofanywa Khudunabari uliwaweka wengi katika fungu la waliohama kwa hiari yao, na sehemu ndogo sana ndiyo iliyokubaliwa kuwa Wabhutan waliofukuzwa. Kuanzia mwaka 2008 nchi nane zilianza kuwapokea, na jumla yao ikapita 113,000. Zaidi ya 90,000 walikwenda Marekani, ambako miji ya Ohio na Pennsylvania imekuwa makazi yao makubwa. Vijana walipata kazi maghalani na hospitalini, wakafungua maduka na kununua nyumba. Wazee waliozoea jembe walipata shida zaidi. Uchunguzi wa mamlaka ya afya ya Marekani uliohusu miaka ya 2009 hadi 2012 ulikuta kiwango cha kujiua cha takriban watu 20 kwa kila 100,000 miongoni mwao, kikiwa juu ya wastani wa nchi hiyo. Mwaka 2025 baadhi yao walirudishwa Bhutan na serikali ya Marekani, lakini Bhutan ikawapeleka mpakani na India badala ya kuwapokea.

Waliobaki Bhutan ni jamii isiyozungumzwa sana. Mashamba ya waliofukuzwa yaligawiwa watu wa kaskazini kuanzia mwisho wa miaka ya 1990. Kwa aliyebaki, kizuizi kikubwa kilikuwa cheti cha usalama cha polisi, kilichohitajika kwa ajira serikalini, masomo ya juu, leseni ya biashara na pasipoti. Mwenye ndugu kambini aliweza kunyimwa. Katika uchumi ambao serikali na mabwawa ya umeme yanayouzia India ndiyo nguzo, kunyimwa cheti kulikuwa sawa na kufungiwa nje ya soko la kazi nzuri. Tangu uchaguzi wa mwaka 2008 Walhotshampa wamekuwa wabunge na mawaziri, na masharti yamelegezwa. Mradi wa jiji jipya la Gelephu, uliotangazwa na mfalme Desemba 2023, uko katika wilaya ya Sarpang, moja ya zile zilizopoteza watu wengi.

Kutoka mgodini hadi maghorofani

Ufaransa ilihitaji mikono baada ya mwaka 1945, na ofisi ya serikali ya kuajiri wahamiaji iliundwa mwaka huohuo. Waalgeria walikuwa na haki ya kuingia bila ofisi hiyo kwa kuwa nchi yao ilihesabiwa kuwa sehemu ya Ufaransa. Nchini Moroko, Félix Mora, aliyekuwa mwanajeshi, alizunguka vijiji vya kusini akiwachagulia migodi ya makaa ya mawe vijana wenye nguvu: aliyefaa aligongwa mhuri wa kijani kifuani, asiyefaa mwekundu. Wengine walikwenda kwenye viwanda vya magari vya Renault, Citroën na Simca, au kwenye ujenzi. Walilala katika mabweni ya wafanyakazi au katika mabanda ya Nanterre, nje kidogo ya Paris, hadi sheria ya mwaka 1964 ilipoanza kuyaondoa.

Julai 1974 uhamiaji wa kazi ulisimamishwa. Matokeo yake yalikuwa kinyume na yaliyokusudiwa: mtu aliyejua kwamba akiondoka hatarudi aliamua kubaki, kisha akaleta mke na watoto, haki iliyothibitishwa na Baraza la Dola mwaka 1978. Familia hizo ziliingia katika maghorofa ya kodi nafuu ya pembezoni mwa miji, kama vile La Courneuve na Les Minguettes, wakati Wafaransa wa kipato cha kati wakiyahama kwenda kununua nyumba ndogo zenye bustani. Wakati huohuo viwanda vya magari na chuma vilikuwa vikipunguza wafanyakazi wasio na ujuzi. Baba alipoteza kazi mwanawe alipokuwa ndiyo kwanza anaitafuta, na mtoto hakuwa na wa kumshika mkono kiwandani kama ilivyokuwa desturi ya familia za wafanyakazi. Watoto wa Wareno, ambao wazazi wao walifika miaka ileile na elimu ndogo vilevile, leo wana ukosefu wa ajira unaokaribia ule wa watu wasio na asili ya uhamiaji. Kwa watoto wa Waafrika Kaskazini ni karibu mara mbili.

Elimu inaeleza sehemu ya pengo hilo, lakini si lote. Tafiti zinazolinganisha wanafunzi wenye wazazi wa kazi na elimu sawa huona tofauti ikipungua sana, na wasichana mara nyingi hufanya vizuri kuliko kaka zao. Ugumu huanza shule inapokwisha. Katika jaribio la Claire Adida, David Laitin na Marie-Anne Valfort, lililochapishwa mwaka 2010, maombi ya kazi yalitumwa kwa majina ya wanawake wawili wa kubuni wenye asili ya Senegal, Marie Diouf na Khadija Diouf. Sifa zao zililingana. Wasifu wa mmoja ulionyesha kuwa ni Mkristo na wa pili Mwislamu. Marie aliitwa kwenye usaili mara mbili na nusu zaidi ya Khadija. Ukoo ni uleule na bara ni lilelile, kwa hiyo hoja ya rangi peke yake haitoshi kueleza matokeo.

Uraia nao uliwahi kutumika kugawa mafungu ya kazi. Shirika la reli la SNCF liliajiri Wamoroko katika miaka ya 1970 kwa mikataba ya pembeni, kwa kuwa hadhi kamili ya mfanyakazi wa reli ilikuwa ya raia. Walifanya kazi zilezile, lakini kupanda cheo na pensheni havikuwa sawa. Zaidi ya 800 walishtaki wakiwa wazee, na mahakama ya rufaa ya Paris ikawapa ushindi Januari 2018.

Watoto wao hawana kikwazo hicho. Mtoto aliyezaliwa Ufaransa, ambaye mzazi wake naye alizaliwa huko, ni Mfaransa tangu kuzaliwa, na kanuni hiyo inawahusu pia watoto wa waliozaliwa Algeria kabla ya uhuru wa 1962. Wengine huupata uraia wakifikia umri wa miaka 18 ikiwa wamekulia nchini. Kwa sababu hiyo madai yao yamekuwa ya usawa. Matembezi ya mwaka 1983 kutoka Marseille hadi Paris, yaliyoanzishwa na Toumi Djaïdja na wenzake wa Les Minguettes, yalidai haki mbele ya polisi na waajiri, na moja ya matunda yake ni kibali cha ukaazi cha miaka 10 kwa wazazi. Ghasia za mwaka 2005, baada ya vifo vya Zyed Benna na Bouna Traoré huko Clichy-sous-Bois, na za mwaka 2023 baada ya polisi kumuua Nahel Merzouk huko Nanterre, zilitokea katika vitongoji ambavyo serikali imekuwa ikivikarabati kwa mabilioni ya yuro tangu mwaka 2003. Majengo yalibadilika kuliko ajira.

Mahali ulinganisho unapokwama

Mavazi hutajwa mara nyingi kama mfanano, kwa kuwa Ufaransa ilipiga marufuku alama za dini zilizo dhahiri katika shule za umma mwaka 2004. Mfanano huo ni wa juujuu. Mwanafunzi wa Ufaransa anayekaidi anaweza kufukuzwa shule. Haki yake ya kuishi nchini haiguswi. Walhotshampa walidaiwa vazi katika miaka ileile waliyodaiwa risiti.

Takwimu zenyewe hazilingani. Ufaransa haihesabu watu kwa kabila wala rangi, na Baraza la Katiba lilikazia msimamo huo mwaka 2007. Kinachorekodiwa ni mahali wazazi walikozaliwa, hivyo wajukuu hutoweka katika takwimu nyingi. Kwa njia hiyo watoto wa wahamiaji wa asili zote walihesabiwa kuwa takriban milioni 7.3 mwanzoni mwa miaka ya 2020. Sensa ya Bhutan hutoa matokeo kwa wilaya, si kwa kabila, na umaskini wa Walhotshampa hukadiriwa kupitia wilaya za kusini ambamo sasa wamechanganyika na waliohamishiwa huko. Walioko Marekani huandika asili yao wenyewe, na wengi huandika kuwa ni Wanepali, jambo linaloifanya idadi ya Wabhutan katika takwimu za nchi hiyo iwe ndogo kuliko idadi ya wakimbizi waliopokelewa.