Steroidi za kupaka na madhara yake

Steroidi za kupaka ni dawa za ngozi zinazoiga kotisoli, homoni inayotolewa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Huuzwa kwa sura ya krimu, marhamu, losheni, jeli au maji ya kupaka kichwani, na hutumika kutuliza pumu ya ngozi, soriasisi, mzio wa ngozi, mbalanga na maradhi mengine ambayo kinga ya mwili huichokoza ngozi mpaka ikavimba na kuwasha. Zikitumiwa kama daktari alivyoelekeza ni dawa nzuri mno; haijapatikana nyingine inayozima muwasho wa pumu ya ngozi kwa haraka na kwa bei nafuu kama hizo. Madhara yake karibu yote yanategemea nguvu ya dawa, mahali inapopakwa, ukubwa wa eneo na muda wa kuitumia. Katika Afrika Mashariki kuna jambo jingine la kuongeza: wengi wanaodhurika hawajui kwamba wanapaka steroidi.

Historia na nguvu za dawa

Mwaka 1948, Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walimchoma mgonjwa wa baridi yabisi sindano za kotisoni, naye akapata nafuu iliyowashangaza madaktari. Miaka miwili baadaye Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Madaktari wa ngozi walijaribu kuipaka kotisoni hiyo bila mafanikio. Mwaka 1952 Marion Sulzberger na Victor Witten walipaka haidrokotisoni, ndugu yake wa karibu, na ngozi za wagonjwa wao zikatulia. Katika miongo miwili iliyofuata viwanda vilibadilisha umbo la molekuli hiyo ili ipenye zaidi na ifanye kazi kwa nguvu zaidi, mpaka zikapatikana betamethasoni na klobetasoli. Habari za madhara zilianza kuongezeka kadiri nguvu ilivyoongezeka.

Nguvu hiyo hupimwa kwa njia iliyobuniwa mwaka 1962 na McKenzie na Stoughton: dawa hupakwa kwenye mkono wa mtu mzima wa afya, kisha hutazamwa jinsi ngozi inavyopauka kwa sababu mishipa midogo ya damu imesinyaa. Uingereza huzigawa dawa hizi katika madaraja manne, Marekani saba. Katika mgawanyo wa Uingereza, haidrokotisoni ya asilimia 1 iko daraja la chini. Betamethasoni valerati na mometasoni za asilimia 0.1 ni kali. Klobetasoli propionati ya asilimia 0.05 ni kali kupita zote. Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Anayesoma tyubu na kuona 0.05 hudhani kwamba ameshika dawa hafifu kuliko ile iliyoandikwa 1, ilhali hiyo klobetasoli inaishinda haidrokotisoni mara mia kadhaa. Asilimia haionyeshi ukali wa dawa. Jina la dawa ndilo linaloonyesha.

Ngozi kuwa nyembamba

Steroidi huingia ndani ya seli, hushikamana na kipokezi chake na kwenda hadi kwenye kiini, ambako huzipunguza kasi jeni zinazochochea uvimbe. Amri hiyo hiyo huzifikia seli zinazotengeneza kolajeni, nyuzi zinazoipa ngozi unene na uimara, nazo hupunguza kazi. Kwa hiyo kupona na kudhurika hutokana na kitendo kimoja, na haiwezekani kupata steroidi kali isiyo na hatari ya kuchosha ngozi.

Ngozi iliyochoshwa hivyo huwa nyembamba na yenye kung'aa, mishipa ya damu huonekana kwa juu, na hata mguso mdogo huacha alama ya damu kuvilia. Vidonda vidogo huchelewa kupona. Tabaka la juu likipumzishwa hurudi katika hali yake baada ya wiki au miezi. Michirizi ni habari nyingine: ikishatokea mapajani, kwenye kinena, kwapani au matitini, haifutiki. Ni mipana na ya rangi iliyokolea kuliko ile ya ujauzito, na mara nyingi iko mahali ambapo mimba haiiweki, kwa mfano nyuma ya magoti.

Mahali pa kupaka ni jambo kubwa kuliko wagonjwa wanavyodhani. Mwaka 1967 watafiti Feldmann na Maibach walipima kiasi cha haidrokotisoni kinachopenya sehemu mbalimbali za mwili. Wakiuchukua mkono chini ya kiwiko kuwa kipimo cha moja, paji la uso lilipitisha mara 6, taya mara 13 na mfuko wa korodani mara 42, huku unyayo ukipitisha takriban sehemu moja ya saba. Ndiyo sababu tyubu ile ile inayofaa nyayo zilizokakamaa inaweza kuharibu kope au kinena. Nepi ya plastiki, bandeji au mkunjo wa ngozi iliyogusana huongeza upenyaji zaidi, maana joto na unyevu huifungua ngozi.

Kwenye ngozi nyeusi kuna dalili zinazopita bila kutambuliwa. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya husema ngozi huwa nyekundu. Kwa Mwafrika wekundu huo unaweza kuonekana kama weusi uliozidi, zambarau au kijivu, na mgonjwa akaambiwa hana kitu. Kwa upande mwingine, kupauka kwa rangi mahali palipopakwa huonekana wazi kabisa. Mara nyingi rangi hurudi taratibu baada ya dawa kuachwa.

Uso, na dawa isiyoachika

Uso ndio unaoumia zaidi. Mtu huanza kupaka steroidi kwa ajili ya chunusi, mabaka au ili uso uwe laini, na katika siku za mwanzo matokeo humridhisha. Kisha huzuka vipele vidogo kuzunguka mdomo na macho, chunusi za ukubwa unaolingana, uwekundu wa mashavu na vinyweleo. Akiacha dawa, uso huwaka moto, huvimba na kuchubuka. Akiirudia, hutulia ndani ya siku mbili. Anahitimisha kwamba dawa ndiyo inayomtibu na kwamba ugonjwa wake ni mkubwa, kumbe dawa inatuliza madhara iliyoyaleta yenyewe. Albert Kligman na Peter Frosch waliieleza hali hiyo mwaka 1979 na kuiita uraibu wa steroidi. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari rasmi kuhusu athari zinazotokea baada ya kuacha dawa hizi, zikiwemo maumivu ya kuungua na wekundu unaoenea nje ya eneo la awali.

Madaktari bado wanabishana kuhusu upana wa tatizo hilo, kwa kuwa si rahisi kutofautisha athari ya kuacha dawa na ugonjwa wa asili uliorudi kwa kishindo. Hata hivyo visa vingi vilivyoandikwa vinafanana: steroidi za nguvu ya wastani au kali, usoni au sehemu za siri, kila siku, kwa miezi au miaka.

Magonjwa yanayojificha

Fangasi wa ngozi, ambao wengi huwaita mashilingi au choa, wana mpaka unaoonekana, wenye magamba na muwasho. Steroidi huondoa muwasho na magamba, mpaka ukafifia, na mgonjwa akafurahi. Fangasi nao, kwa kuwa kinga imepumbazwa, huzidi kuenea. Mwaka 1968 madaktari Ive na Marks waliipa hali hii jina la kitaalamu linalomaanisha fangasi aliyejibadilisha sura. Upele unaosababishwa na wadudu hujificha kwa namna hiyo hiyo, na tutuko zinaweza kusambaa.

Kosa hili limepata nguvu kutokana na krimu za mchanganyiko, ambazo ndani ya tyubu moja kuna steroidi kali, dawa ya fangasi na kiuavijasumu. Muuzaji huzipenda kwa sababu zinaonekana kutibu kila kitu, na mteja huzipenda kwa sababu muwasho hukata usiku ule ule. Kwa maoni ya mwandishi, ni bidhaa ambayo isingepaswa kukabidhiwa mtu ambaye ngozi yake haijaangaliwa. India ndiko zilikoleta hasara kubwa zaidi: fangasi sugu, wagumu kutibika na wanaorudi kila mara, wameenea sana, na matumizi holela ya krimu hizo yanahesabiwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2018 serikali ya nchi hiyo iliamuru orodha ya steroidi za kupaka ziuzwe kwa cheti cha daktari tu.

Madhara ndani ya mwili

Dawa inayopakwa kwa wingi huingia kwenye damu. Ubongo unapohisi kuna homoni ya kutosha huacha kuziamrisha tezi za juu ya figo, nazo hulala. Maelezo ya klobetasoli yenyewe yanaeleza kwamba hata gramu 2 kwa siku zimewahi kuzilaza tezi hizo, na yanaweka mpaka wa gramu 50 kwa wiki na wiki mbili za matumizi mfululizo. Mtu ambaye tezi zake zimelala hivyo akiacha dawa ghafla, au akipata homa kali, ajali au upasuaji, mwili wake hushindwa kutoa kotisoli inayohitajika. Hulegea, hutapika, presha hushuka, na anaweza kufa.

Homoni ikizidi kwa muda mrefu, uso hujaa na kuwa mviringo, tumbo na shingo hunenepa huku mikono na miguu ikikonda, presha na sukari hupanda, na mifupa hudhoofika. Watoto wako hatarini zaidi kwa kuwa ngozi yao ni kubwa ukiilinganisha na uzito wao. Wanaweza kunenepa huku urefu umesimama. Ikipakwa kwenye kope kwa muda mrefu, dawa inaweza kuongeza presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho.

Mkorogo

Sehemu kubwa ya madhara yanayoonekana katika kliniki za miji ya Afrika haitokani na tiba bali na kujichubua. Krimu za klobetasoli na betamethasoni, kwa kuwa hupunguza rangi, huingizwa katika mikorogo pamoja na hidrokwinoni, na pengine zebaki. Hupakwa mwili mzima, asubuhi na jioni, kwa miaka. Hakuna daktari ambaye angeandika kipimo kama hicho.

Dakar, Senegal, ndipo jambo hili lilipochunguzwa kwa kina. Huko timu ya Antoine Mahé ilifuatilia wajawazito waliokuwa wakijichubua, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliotumia steroidi kali walikuwa na kotisoli kidogo katika damu, na kondo la nyuma na uzito wa watoto wao vilikuwa vidogo kuliko vya wengine. Ngozi iliyochubuliwa hivyo huwasumbua pia madaktari wa upasuaji, kwa sababu ni nyembamba, hushika mshono vibaya na huchelewa kufunga.

Vipodozi vyenye steroidi, hidrokwinoni au zebaki ni marufuku Tanzania na Kenya, na Rwanda mwishoni mwa 2018 polisi walipita madukani kuvikamata. Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na dawa zikabaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mgawanyo huo unaeleweka kwenye karatasi, lakini klobetasoli ni dawa halali inayogeuka kuwa kipodozi haramu pale tu inapomiminwa ndani ya kopo la losheni, na kopo hilo halina maandishi.

Hofu iliyozidi

Habari hizi zimezaa tatizo la upande wa pili. Wapo wazazi wanaokataa hata haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, akakesha akijikuna mpaka ngozi ikapasuka na kuingia bakteria. Dawa hafifu ikipakwa kwa siku chache palipo na ugonjwa tu ni nadra sana kudhuru. Kwa kipimo, hutumika njia iliyopendekezwa na Long na Finlay mwaka 1991: krimu iliyokamuliwa kutoka kwenye tyubu ya mdomo wa kawaida, kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi mkunjo wa kwanza, ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Mara moja au mbili kwa siku hutosha. Kuzidisha hakuharakishi kupona. Ugonjwa ukishatulia, mafuta mazito yasiyo na manukato huendelea kila siku na steroidi hupumzishwa.

Aliyetumia steroidi kali kwa miezi mingi asiiache kwa siku moja. Daktari humshusha kwenye dawa hafifu, hupunguza siku za kupaka na, inapobidi, hupima kotisoli ya asubuhi. Anayekwenda kliniki ya ngozi abebe tyubu na makopo yote aliyowahi kupaka, pamoja na losheni aliyochanganyiwa sokoni, na anayekwenda kufanyiwa upasuaji amwambie daktari mapema, hata kama anaona haya.