Marsh na Cope: Mahasimu waliopigania mifupa ya dinosau

FAHALI wawili hawakai zizi moja. Othniel Charles Marsh na Edward Drinker Cope, wataalamu wa Marekani katika karne ya 19, walishindana kusaka visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, hadi wakafilisika.

Marsh (1831-1899), profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, alitegemea ukwasi wa mjomba wake, George Peabody. Cope (1840-1897), mzaliwa wa Philadelphia, alitumia urithi wa babake. Walikutana Berlin, Ujerumani, miaka ya 1860, wakawa marafiki.

Urafiki huo uliingia doa mwaka 1868, Cope alipomtembeza mwenzake katika machimbo ya New Jersey. Marsh aliwalipa wachimbaji kisirisiri ili mifupa ipelekwe kwake. Kisha ikabainika kwamba Cope, alipounganisha mifupa ya Elasmosaurus, mtambaazi wa baharini, alikuwa amekiweka kichwa kwenye ncha ya mkia. Alijaribu kuzikusanya nakala za chapisho hilo kuficha aibu, lakini Marsh hakuirejesha yake.

Uhasama ulipamba moto mwaka 1877 baada ya wafanyakazi wa reli kugundua mifupa Como Bluff, Wyoming. Kila upande uliwapeleleza vibarua wa mwenzake, na mifupa mingine ilivunjwavunjwa makusudi isiangukie mikononi mwa mpinzani.

Pupa ilizaa makosa. Marsh alimwita dinosau mmoja Apatosaurus mwaka 1877, na mwingine Brontosaurus mwaka 1879. Mnamo 1903, Elmer Riggs alishikilia kuwa hao ni jenasi moja. Utafiti wa mwaka 2015 uliwatenganisha tena, na mjadala haujaisha.

Januari 1890, Cope alimshutumu Marsh hadharani katika gazeti la New York Herald, naye Marsh akajibu mapigo. Mwaka 1892, Bunge la Marekani lilipunguza fedha za idara ya jiolojia, Marsh akapoteza wadhifa wake humo. Cope, aliyekuwa amepata hasara katika migodi ya fedha, alilazimika kuuza sehemu kubwa ya hazina yake ya visukuku.

Hata hivyo, wawili hao walivipa majina viumbe wengi wanaotambuliwa hadi leo. Stegosaurus, Allosaurus na Triceratops ni wa Marsh. Camarasaurus na Coelophysis ni wa Cope.