Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023

Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 ilizikutanisha Young Africans (Yanga) ya Tanzania na USM Alger ya Algeria katika michezo miwili, nyumbani na ugenini. USM Alger ilitwaa kombe kwa faida ya mabao ya ugenini baada ya matokeo ya jumla kuwa 2-2. Lilikuwa taji lake la kwanza la Afrika.

Mchezo wa kwanza ulifanyika tarehe 28 Mei katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Aymen Mahious aliwatanguliza wageni dakika ya 32. Fiston Mayele alisawazisha dakika ya 82, lakini shangwe haikudumu: dakika mbili baadaye Islam Merili alifunga la pili. Bao hilo ndilo lililoiponza Yanga, kwani bila hilo ingekuwa bingwa kwa jumla ya 2-1.

Marudiano yalichezwa mjini Algiers tarehe 3 Juni. Djuma Shabani alifunga kwa penalti mapema, na Yanga ikashinda 1-0 bila kupata kombe.

Yanga ilikuwa klabu ya pili ya Tanzania kufika fainali ya Afrika, baada ya Simba iliyofungwa na Stella Abidjan katika Kombe la CAF mwaka 1993.