Unanunua nyumba Iguhu? Uliza kwanza kilicho chini yake

Sisi watu wa pwani tumezoea nyumba bila ardhi. Mtu wa Majengo au Kisauni hununua kuta na paa, kiwanja ni cha mwingine, na kodi ya ardhi hailali. Kwa hiyo nilipokwenda Iguhu, kaunti ya Kakamega, kutafuta nyumba karibu na wakwe zangu, nilifurahi kusikia kwamba huko nyumba huuzwa pamoja na shamba lake na hati yake. Nikasema hapa hakuna mtego. Kumbe upo, ila umekaa chini zaidi.

Iguhu iko Ikolomani, katika nchi ya Waidakho, kwenye bonde la mto Yala. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa katika eneo la Kakamega na walowezi, ambao wakati ule bei za mazao zilikuwa zimewavunja mgongo, wakamiminika huko. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi yao ikichukuliwa watapewa nyingine. Desemba 1932 sheria hiyo ikabadilishwa ili walipwe pesa badala ya ardhi. Mgodi mkubwa wa Rosterman, karibu na mji wa Kakamega, ulifungwa mwaka 1952. Kampuni zikaondoka lakini uchimbaji haukuondoka. Mpaka leo vijana hushuka mashimoni kwa kamba na tochi, na kina mama hukaa juu wakiponda mawe.

Kule Uingereza, kwenye maeneo yaliyochimbwa makaa ya mawe, iko taasisi ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 ambayo humpa mnunuzi ripoti ya migodi ya zamani iliyo chini ya nyumba anayoitaka. Iguhu hakuna ramani ya shimo lililochimbwa na vijana watano kwa sururu. Ramani ni kumbukumbu ya jirani, na jirani huyo nilimtafuta nikiwa nimeshachelewa.

Nyumba niliyoipenda ilikuwa ya vyumba vitatu, matofali mazuri, mabati mapya, migomba nyuma. Muuzaji alinipeleka mwezi wa Januari, ardhi ikiwa kavu. Nikatoa arubuni, tukaandikiana kikaratasi, nikarudi Mombasa. Aprili, mvua zikiwa zimeshika, nilirudi na mke wangu. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa haufungi. Pembeni ya dirisha palikuwa na ufa uliopanda kwa ngazi, tofali hadi tofali. Bibi wa nyumba ya pili, aliyekuwa akitutazama tangu tulipoingia, akaniita.

"Mkwe," akasema, "hiyo migomba mnayoisifu imepandwa ndani ya shimo. Walichimba, wakamaliza, wakajaza takataka na udongo. Tundu lao lilielekea huku mlipojenga jiko."

Hapo ndipo nilipojifunza jinsi machimbo yale yanavyokwenda. Shimo hushuka wima mpaka lipate mwamba wenye dhahabu, kisha wachimbaji huufuata mwamba kwa pembeni, popote unapokwenda. Mwamba haujui mpaka wala seng'enge. Unaweza kununua shamba ambalo halijawahi kuchimbwa hata kidogo juu yake, na chini yake pakawa na njia iliyoanzia kwa jirani. Mbao zilizoshikilia njia hiyo huoza, maji ya mvua huingia, udongo uliojazwa hushuka kidogo kidogo. Nyumba nayo hushuka nao, upande mmoja kabla ya mwingine. Ndiyo maana ufa wa namna hii hauzibiki kwa plasta.

Kwa hiyo usiende kuangalia nyumba wakati wa jua. Nenda Aprili au Mei, na baada ya mvua kubwa uzunguke shamba lote kwa miguu. Tafuta bonde la duara lisilo na sababu, mahali ambapo maji yanaingia ardhini haraka badala ya kutuama, vichuguu vya kokoto nyeupe zinazong'aa, na kipande kimoja ambacho mimea yake ni minene kuliko yote. Ingia ndani, fungua na kufunga kila mlango. Kisha waulize watu watatu mbalimbali: mzee wa kijiji, kijana anayechimba, na mama anayeponda mawe. Muuzaji asiwepo. Huyo mama mara nyingi ndiye anayejua zaidi, maana alikuwa amekaa pale pale kwenye mdomo wa shimo.

Maji nayo. Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Uani ambako kazi hiyo ilifanywa, na kijito yalikooshwa mawe, zebaki inaweza kubaki kwenye tope miaka mingi. Kuchemsha maji hakuiondoi. Kama nyumba ina kisima, peleka maji maabara yapimwe zebaki na aseniki, na uliza wazi kama kuna aliyewahi kuchoma dhahabu jikoni humo. Kwa wenye watoto wadogo au mke mjamzito, hili mimi naliweka mbele ya nyufa.

Karatasi zina taabu zake. Anza kwa upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi. Mara nyingi utakuta jina lililoandikwa ni la babu aliyefariki zamani, na anayekuuzia ni mjukuu mmoja kati ya kumi. Huyo hana cha kukuuzia mpaka mirathi imalizike mahakamani, hata kama ana barua ya chifu. Kama muuzaji ana mke, ridhaa ya mke itafutwe. Ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Bila kibali mauzo ni batili, ingawa sheria inakuruhusu kudai pesa ulizotoa kama deni. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya thamani mashambani na asilimia 4 ndani ya manispaa.

Jambo ambalo mawakili wetu wa pwani hawakunitajia ni hili: hati ya ardhi haikupi madini. Katiba ya mwaka 2010 imeyaweka mikononi mwa taifa, na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Mwenye shamba la watu binafsi lazima atoe ridhaa kabla ya leseni juu ya ardhi yake, lakini sheria hiyo hiyo inasema asikatae bila sababu ya maana. Hili si jambo la mbali. Mwaka 2020 kampuni ya Shanta Gold ilinunua kutoka Barrick mradi wa dhahabu wa magharibi mwa Kenya, ambao unagusa Isulu na Bushiangala, humo humo Ikolomani, na wenyeji wamekuwa wakipinga kuhamishwa. Kabla ya kutoa arubuni, tazama katika rejista ya leseni za madini kama kipande chako kimo ndani ya leseni ya mtu. Wapo wanaonunua makusudi wakingoja fidia. Wana macho makavu hao. Mimi nilitaka mahali pa kulala.

Arubuni yangu ilirudi nusu, kwa vipande vipande, baada ya mizozo ya miezi minane. Nusu nyingine nimeisahau kwa sababu muuzaji ni mtu wa ukoo wa shemeji yangu. Sasa tumekodi chumba Khayega, na mke wangu anakwenda kuangalia shamba jingine mvua inaponyesha. Nyumba ile bado inauzwa. Mara ya mwisho nilipopita ilikuwa imepakwa rangi ya maziwa, na pembeni mwa dirisha palionekana saruji mbichi.