Mji wa Muda na Kuni Zake

Watu wakizungumzia miji inayotunza nishati, wanataja Ulaya: nyumba za kuta nene, treni za umeme, baiskeli. Sisi tunasikiliza kama vile mambo hayo hayatuhusu. Lakini hapa Kakuma na Kalobeyei tunaishi karibu watu 300,000. Lodwar, makao makuu ya kaunti, ilihesabiwa watu wasiofika 90,000 mwaka 2019. Sasa wewe jiulize, mji ni upi?

Nimekuwa nikifuatilia historia ya kambi za ukanda wetu kwa kuangalia kitu kimoja tu: kuni. Nilichoona ni hiki. Kambi hazikumaliza miti kwa sababu wakimbizi hawajui kutunza. Ziliimaliza kwa sababu zilipangwa kama kitu cha miezi michache, kisha zikaishi miaka na miaka.

Tuanze na mwaka 1994, kwa sababu mwaka huo dunia nzima iliona kwa macho. Mwishoni mwa Aprili, zaidi ya Wanyarwanda 200,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa saa 24 hivi. Kambi ya Benaco ikawa kubwa kuliko miji mingi ya nchi ile. Julai ikafika zamu yetu upande wa Kivu: watu zaidi ya 800,000 waliingia Goma na pembeni yake ndani ya siku chache. Kambi kama Kibumba na Mugunga zikawekwa kando kabisa ya Hifadhi ya Virunga. Basi watu wakaingia msituni kwa maelfu, siku baada ya siku, kutafuta cha kupikia. Mwaka uleule UNESCO iliiweka Virunga kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Kwetu wapo wazee wanaowalaumu wakimbizi wale hadi leo. Mimi nami ni mkimbizi sasa, kwa hiyo nauliza swali lingine: kiwanja kile kilichaguliwa na nani? Na familia iliyopewa nafaka na maharage makavu bila kuni, ilitakiwa ipikie nini? Maharage makavu yanataka masaa motoni. Mahindi mazima vilevile. Unga unaiva kwa dakika chache. Yaani sehemu kubwa ya kuni inaamuliwa ghalani, kabla mama hajawasha moto. Ukigawa unga badala ya punje, ukatoa sufuria yenye mfuniko, na watu wakapata ndoo na maji ya kuloweka maharage usiku, umeokoa miti kabla hujanunua jiko hata moja. UNHCR ilitoa mwongozo wake wa mazingira mwaka 1996. Wakati huo miti mingi ya Ngara na ya Virunga ilikuwa imeshageuka majivu.

Lakini kuni si habari ya miti tu. Ni habari ya nani anatembea kuzifuata. Kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992. Miti ya karibu ilipokwisha, wanawake walienda mbali zaidi, na huko porini walikutana na wanaume wenye silaha. Kufikia mwaka 1993 watetezi wa haki za binadamu walikuwa wameshaandika juu ya ubakaji huo. Mwaka 1998 ukaanza mradi wa kugawa kuni kambini. Tathmini yake ilionyesha kwamba kuni zilizogawiwa zilitosha kama theluthi moja tu ya mahitaji. Nyumba zilipokuwa na kuni, ubakaji wa porini ulipungua. Mgao ulipokwisha, wanawake walirudi njia ileile. Na ubakaji wa mahali pengine haukukoma.

Naomba ndugu zetu wa mashirika wasome mfano huo polepole. Kugawa kuni kulisaidia, tena sana. Ila mji ambao kila mwezi unangoja lori la kuni ni mji ambao usalama wa mabinti zake unategemea bajeti ya mtu aliye mbali.

Sasa tuje hapa kwetu. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992 kwa ajili ya vijana wa Sudan waliofika kwa miguu, baada ya kulazimika kuondoka Ethiopia. Sisi wa Kongo tulikuja baadaye. Sheria ya hapa tunaijua wote: mkimbizi hakati mti. Kuni zinakusanywa na Waturkana, zinanunuliwa na shirika, kisha tunagawiwa. Mgao hautoshi, kila mtu anajua, na pengo linazibwa na makaa, au makala kama tunavyosema sisi. Mama Mturkana anakuja na gunia kichwani, anaondoka na unga au mtama. Kwa hiyo katika nyumba nyingi chakula ndicho pesa ya moto: unatoa sehemu ya posho ili upike sehemu iliyobaki.

Biashara hiyo imetuletea ujirani, na imetuletea ugomvi pia. Imeleta hata faida moja ambayo haikutarajiwa. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa maeneo makavu ya Kenya miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, umeenea mpaka wafugaji wanaulaani. Lakini unawaka vizuri na ukikatwa unachipua tena. Kuukata huo kwa mpango, na kuiacha ile miti ya asili ambayo Mturkana anaitegemea kwa kivuli na malisho, ni sera ya nishati inayoeleweka hata na mtu asiyesoma.

Tunaambiwa dawa ni jiko bora. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Angalia historia ya jiko la Kenya lenye udongo ndani. Mwaka 1981 Nairobi ilipokea mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya, na miaka iliyofuata wataalamu na mafundi wakachukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand, wakaubadilisha. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walikunja bati la nje, wengine wakachoma udongo wa ndani. Jiko hilo linaweza kupunguza makaa kwa asilimia 30 hadi 50 ukilinganisha na lile la chuma tupu. Lilienea kwa sababu mnunuzi alikuwa analipia makaa kwa pesa yake, akaona tofauti mfukoni, na fundi alikuwa karibu. Likivunjika, unamrudia. Likiwa dogo, unaagiza kubwa.

Kambini mambo yamekuwa kinyume. Nimeona majiko ya msaada yakiuzwa sokoni wiki ileile yalipogawiwa. Watu wakasema, ati wakimbizi hawathamini. Lakini ukimpa mama mwenye watu tisa jiko la sufuria ya watu wanne, atafanya nini? Atarudi kwenye mafiga yake matatu, maana hayo yanabeba sufuria yoyote. Na hapa tuna mafundi wa bati na wafinyanzi. Wangeulizwa kwanza, jiko lingefuata sufuria.

Stima nayo ina historia hiyohiyo. Kwa miaka mingi taa za maduka ya Kakuma zimetoka kwa wafanyabiashara wenye jenereta za dizeli, wanaovuta nyaya hadi kwa majirani na kutoza kila mwezi. Dizeli ni ghali, ina kelele na moshi, na jua tunalo la kumwaga. Mbona basi sola ilichelewa? Jenereta unaweza kuihamisha kesho. Sola kubwa pamoja na nguzo zake inarudisha gharama polepole, kwa miaka. Nani ataweka mtaji wa miaka ishirini kwenye kiwanja ambacho hajui kama atakuwa nacho mwaka ujao?

Hapo ndipo Kalobeyei ilipojaribu njia nyingine. Ilipofunguliwa mwaka 2016 ilikuwa imefikiriwa kwa ajili ya watu 60,000, wakimbizi pamoja na wenyeji, na UN-Habitat ilishiriki kuipanga kama mji: vijiji, barabara, masoko, bustani, mabwawa ya kuvuna maji ya mvua. Baadaye baadhi ya familia zilipewa pesa zijenge zenyewe nyumba za kudumu, na gridi ndogo za sola zikaanza kuwashia watu taa. Sisemi Kalobeyei ni paradiso. Upepo na vumbi lake tunavijua. Ila mtu aliyejenga ukuta mzito anakaa ndani mchana bila kuungua, na aliye chini ya turubai anakimbia nje kutafuta kivuli. Ukitembea Kakuma 1 utaona miarobaini mikubwa iliyopandwa na watu walioamua, bila kuruhusiwa na mpango wowote, kwamba wanakaa. Chini yake ndiko watu wanakoshona, wananyoa, wanafundisha. Kivuli hicho hakitumii umeme.

Nayaandika haya sasa kwa sababu wakati unatubana. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa sana, na kama nilivyosema, chakula ndicho kilichokuwa pesa ya makaa. Posho ikipungua, moto nao unapungua, na watu wataanza kuangalia tena vichaka vya jirani. Mwaka huohuo serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi kuwa makazi ya pamoja na wenyeji. Njaa na mpango vimefika kwa pamoja.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye mkutano wa mtaa, dada yangu, ndugu yangu, usiulize tu jiko litakuja lini. Uliza kiwanja ni chako kwa miaka mingapi. Uliza posho italetwa ikiwa unga au punje. Uliza Mturkana anayeuza kuni atapata nini sola ikija, maana ukimwacha nje, umejenga ugomvi mpya. Na wewe wa shirika, ukiandika ripoti yako, lile neno “muda” andika na idadi yake ya miaka pembeni. Kwa Kakuma, anza kuhesabu 1992.