Mnada wa nishati jadidifu nchini Afrika Kusini

Mnada wa nishati jadidifu nchini Afrika Kusini ni utaratibu ambao serikali ya nchi hiyo hutumia kununua umeme wa jua, upepo na vyanzo vingine visivyokwisha kwa kushindanisha kampuni binafsi. Mpango huo, unaojulikana kwa kifupi kama REIPPPP, ulianza Agosti 2011.

Historia

Umeme mwingi wa Afrika Kusini huzalishwa kwa makaa ya mawe na Eskom, shirika la serikali. Mwaka 2008 nchi ilikumbwa na mgawo mkubwa wa umeme. Mwaka 2009 mamlaka ya udhibiti wa nishati, NERSA, ilitangaza bei maalumu za kununulia umeme jadidifu. Bei hizo hazikutumika katika mkataba wowote, na mwaka 2011 serikali iliziacha na kuchagua mnada.

Utaratibu

Kila kampuni hutaja bei yake, na mshindi hupewa mkataba wa kuiuzia Eskom umeme kwa miaka 20. Katika awamu za mwanzo bei ilikuwa na asilimia 70 ya alama. Asilimia 30 zilihusu ajira, umiliki wa wenyeji, vifaa vya ndani na maendeleo ya jamii jirani.

Athari za ushindani

Katika awamu ya kwanza yaliletwa maombi 53, na 28 yalishinda. Kiasi cha umeme kilichohitajika kilizidi maombi yaliyofaa, hivyo kampuni hazikuwa na sababu ya kushusha bei. Katika awamu ya pili serikali iliweka kikomo, na kati ya maombi 79 yalishinda 19. Katika awamu ya tatu, mwaka 2013, yalishinda 17 kati ya 93.

Wastani wa bei ya uniti moja (kilowati-saa) ya umeme wa jua, kwa thamani ya fedha ya 2011, ulishuka hivi:

- Awamu ya 1: randi 2.76
- Awamu ya 2: randi 1.65
- Awamu ya 3: randi 0.88

Kushuka kwa bei ya paneli duniani pia kulichangia.

Changamoto

Bei nafuu peke yake haikutosha, kwa kuwa mnunuzi alikuwa mmoja tu. Kuanzia 2016 Eskom ilikataa kutia saini mikataba mipya; mikataba 27 iliyokwama ilisainiwa Aprili 2018 tu. Wakati huo mgawo wa umeme ulikuwa haujapatiwa ufumbuzi, na ulirudi kwa ukali miaka iliyofuata. Katika awamu ya sita, mwaka 2022, hakuna mradi wa upepo uliochaguliwa, kwa sababu njia za kusafirisha umeme katika maeneo yenye upepo mwingi zilikuwa zimejaa.

Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inaruhusu kuundwa kwa soko la umeme lenye wauzaji na wanunuzi wengi.